SOMO LA LISHE: KEKI NDOGO ZA ULEZI NA NDIZI MBIVU, NA THAMANI YAKE KATIKA CHAKULA CHA NYUMBANI

Somo hili limetayarishwa kwa ajili ya vikundi vya kujifunza katika vyama vya msingi vya Bukoba na Muleba. Katibu wa chama anaombwa alisome kwa sauti mbele ya wanachama, sehemu moja baada ya nyingine, kisha kikundi kijadili maswali yaliyowekwa mwishoni. Inafaa sana akina mama na akina baba wahudhurie pamoja, kwa kuwa fedha ya kahawa na chungu cha jikoni ni mambo ya nyumba moja.

1. Shibe na lishe

Kagera ni mkoa wenye chakula. Katika kibanja cha mkulima wa Bukoba au Muleba, migomba hutoa mikungu mwaka mzima, na chini yake humea maharage, mibuni na miti ya matunda. Ziwa lipo karibu, na dagaa huuzwa katika kila gulio. Mtu akitazama mambo hayo kwa juu juu atadhani kwamba watoto wa mkoa huu hawana upungufu wowote.

Takwimu za taifa zinaonyesha jambo jingine. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 hadi 2016, watoto 42 hivi katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano mkoani Kagera walikutwa na udumavu, yaani urefu wao ulikuwa pungufu kwa umri wao. Wastani wa Tanzania wakati huo ulikuwa 34 katika kila 100. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 hesabu ya Kagera ilishuka hadi kufikia 34, na ya taifa 30. Hayo ni maendeleo, lakini bado mtoto mmoja katika kila watatu hakui ipasavyo, katika mkoa ambao watu wake hulala wameshiba.

Sababu za udumavu ni nyingi: maradhi ya kuhara, malaria, uzazi wa karibu karibu, mama kufanya kazi nzito akiwa mjamzito. Hata hivyo moja ya sababu hizo imo ndani ya sahani. Ndizi ya kupika ni chakula chema cha kutia nguvu, lakini ina protini kidogo sana, kiasi cha gramu 1.2 tu katika kila gramu 100. Mtoto wa miaka mitano anahitaji protini kadiri ya gramu 20 kwa siku. Kama angeipata katika ndizi peke yake, ingempasa ale zaidi ya kilo moja na nusu ya ndizi zilizomenywa kila siku. Tumbo la mtoto halina nafasi hiyo. Hushiba kabla mwili wake haujapata vifaa vya kujengea mifupa, damu na nyama.

Kwa hiyo swali la mzazi wa Kagera si tu kwamba mtoto amekula kiasi gani. Swali ni kwamba ndizi imefuatana na nini, na kati ya mlo na mlo mtoto ametafuna nini. Somo hili linashughulikia hilo la pili.

2. Kitafunwa cha siku hizi

Zamani mtoto aliyeona njaa kati ya milo alipewa ndizi mbivu, kiazi kitamu, njugu au karanga. Siku hizi, hasa karibu na barabara na shule, hununuliwa andazi au keki ya dukani. Vitu hivyo hutengenezwa kwa unga mweupe wa ngano, sukari na mafuta. Vina ladha na vinashibisha, lakini unga mweupe umekwisha kuondolewa pumba na kiini cha mbegu, ambamo mna sehemu kubwa ya madini, vitamini na nyuzinyuzi.

Katika nchi za baridi, watu waliotambua kasoro hiyo walianza kutengeneza keki ndogo kwa kutumia oti. Oti ni nafaka ya huko. Wengine huiita shayiri, ingawa shayiri hasa ni nafaka nyingine, ile itumiwayo kutengeneza bia. Oti hupondwa pamoja na pumba yake, hivyo virutubisho vyake havipotei. Ina protini ya gramu 13 hivi katika gramu 100, na nyuzinyuzi gramu 10 hivi. Tena ina aina ya nyuzinyuzi laini zenye utelezi, zinazosaidia kupunguza lehemu katika damu. Mwaka 1997 serikali ya Marekani iliruhusu watengenezaji watangaze faida hiyo kwa moyo, kwa sharti kwamba mlaji apate gramu 3 za nyuzinyuzi hizo kila siku.

Oti huuzwa katika maduka ya mjini Bukoba, lakini ni chakula cha kununuliwa, na bei yake ni kubwa kwa mwanachama wa kawaida. Hata hivyo hakuna haja ya kuitafuta, kwa kuwa nafaka yenye kazi inayokaribiana nayo ipo hapa, na wazee wanaifahamu vizuri.

3. Ulezi, nafaka ya nyumbani

Ulezi ni nafaka ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Katika nchi ya Wahaya ulilimwa hasa rweya, katika uwanda wa majani ulio nje ya vibanja, ambako pia zilipandwa njugu mawe. Punje yake ni ndogo mno, kiasi kwamba ni vigumu kuikoboa. Kwa sababu hiyo husagwa nzima pamoja na ganda lake. Udogo huo ndio unaoulinda ubora wake. Isitoshe, ulezi mkavu huhifadhika kwa miaka kadhaa bila kuliwa sana na wadudu, sifa ambayo mahindi hayana.

Kwa protini, ulezi uko chini ya oti: una gramu 7 hivi katika gramu 100. Kwa nyuzinyuzi unalingana nayo. Kwa madini ya kalsiamu, ambayo ndiyo hujenga mifupa na meno, ulezi unaipita oti kwa mbali sana. Gramu 100 za ulezi zina miligramu 340 hivi za kalsiamu, wakati oti ina miligramu 50 hivi, na unga mweupe wa ngano una miligramu 15 tu. Kwa mtoto anayekua, na kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, tofauti hiyo ni kubwa.

Kasoro ya ulezi ni kwamba unga wake hauna mnato. Ukiupika peke yake kama keki, hupasuka na kumomonyoka. Kwa hiyo huchanganywa na unga kidogo wa ngano, na yai, ili vishikane.

4. Jinsi ya kupika

Kipimo kifuatacho hutoa keki ndogo 12:

Unga wa ulezi gramu 200 (kikombe kimoja na nusu hivi);
Unga wa ngano gramu 100 (robo tatu ya kikombe);
Ndizi mbivu zilizomenywa gramu 300 (ndizi tatu za wastani);
Karanga zilizokaangwa na kusagwa gramu 60 (vijiko 6 vya chakula);
Mayai 2;
Maziwa yaliyochemshwa mililita 150 (zaidi kidogo ya nusu kikombe);
Mafuta ya kupikia gramu 45 (vijiko 3 vya chakula);
Sukari gramu 30 (vijiko 2 vya chakula);
Unga wa kuumulia keki vijiko 2 vya chai, na chumvi kidogo.

Ndizi ziwe zimeiva barabara, hata ganda likiwa na madoa meusi, kwa kuwa wakati huo wanga wake umekwisha kugeuka sukari. Ziponde katika bakuli mpaka ziwe laini. Ongeza mayai, mafuta, sukari na maziwa, ukoroge. Katika bakuli jingine changanya unga wa aina zote mbili, karanga, chumvi na unga wa kuumulia. Kisha mimina vile vikavu katika vile vya majimaji, ukoroge kwa mwiko kwa muda mfupi tu. Ukikoroga sana keki huwa ngumu.

Mwenye tanuri atumie tanuri. Asiye nayo aweke mchanga mkavu katika sufuria kubwa, apashe moto, apange juu ya mchanga vikombe vya bati vilivyopakwa mafuta, kisha afunike na kuweka makaa machache juu ya kifuniko. Badala ya karatasi, majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni yanafaa sana kutandika ndani ya vikombe. Baada ya nusu saa hivi choma keki moja kwa kijiti. Kikitoka kikavu, zimeiva.

5. Hesabu ya thamani

Katibu aandike hesabu hii ubaoni, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha somo. Kwanza jumlisha virutubisho vya kila kitu kilichotiwa, kisha gawanya kwa 12. Keki moja ya ulezi na ndizi itakuwa na takriban:

Nguvu: kalori 200;
Protini: gramu 5;
Kalsiamu: miligramu 80;
Nyuzinyuzi: gramu 3;
Sukari iliyoongezwa: gramu 2 na nusu.

Sasa ilinganishwe na keki ya kawaida yenye gramu 300 za unga mweupe, gramu 150 za sukari, gramu 100 za mafuta, mayai 2 na maziwa yale yale, nayo ikigawanywa mara 12. Kila moja itakuwa na takriban:

Nguvu: kalori 235;
Protini: gramu 4;
Kalsiamu: miligramu 22;
Nyuzinyuzi: chini ya gramu 1;
Sukari iliyoongezwa: gramu 12 na nusu.

Wanachama watazame hesabu hizi kwa makini, wasije wakatangaza sifa ambazo hazipo. Katika protini tofauti ni ndogo, gramu moja tu, nayo imeletwa na karanga kuliko ulezi. Keki ya kawaida hata ina nguvu zaidi. Faida ya keki ya ulezi iko mahali patatu: kalsiamu ni karibu mara nne, nyuzinyuzi ni zaidi ya mara tatu, na sukari iliyoongezwa ni sehemu moja ya tano. Mtoto mdogo anayehitaji miligramu 500 za kalsiamu kwa siku atapata karibu sehemu ya sita katika keki moja.

Funzo jingine limo katika hesabu hiyo. Jina la keki halilishi mtu. Anayetia ulezi vijiko viwili katika kilo ya unga mweupe, kisha akaongeza sukari tele na kuiita keki ya ulezi, amebadili jina na rangi tu. Ndivyo ilivyo hata kwa keki nyingi za oti zinazouzwa ng'ambo: nyingine zina sukari na mafuta kupita keki za kawaida.

6. Mambo yanayopunguza faida

Ganda la ulezi lina virutubisho, lakini pia lina vitu vinavyoyashika madini ya chuma na kalsiamu na kuyazuia yasiingie mwilini yote. Wazee walijua dawa yake bila kuijua sababu: kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili mpaka uchipue, uanike juani hadi ukauke kabisa, upukuse vichipukizi, kisha usage. Kuchipua huku hupunguza vizuizi hivyo. Unga wa kimea una kazi nyingine tena: ukitiwa kidogo katika uji mzito, uji hulegea, hivyo mtoto hupata unga mwingi zaidi katika kikombe kile kile. Wataalamu wa lishe wa Tanzania waliifundisha njia hiyo katika miaka ya 1980.

La pili ni kinywaji. Kahawa na chai vikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma kuingia katika damu. Hili ni jambo la kuzingatiwa na wakulima wa kahawa. Kahawa inywewe na watu wazima, kadiri ya saa moja baada ya kula. Mtoto apewe keki yake pamoja na maziwa au maji safi, na tunda kama pera, chungwa au nanasi, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini.

La tatu ni ukungu. Karanga na nafaka zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu kadhaa walikufa mikoani Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupwe. Zisisagwe kwa kufichwa ndani ya keki, wala wasipewe kuku.

7. Nani apewe, na nani asubiri

Mtoto aliye chini ya miezi sita anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake. Kuanzia miezi sita hadi mwaka mmoja apewe uji na vyakula laini vilivyopondwa, bila sukari. Keki si chakula chake. Kuanzia mwaka mmoja na kuendelea anaweza kupewa nusu keki, na karanga ziwe zimesagwa kabisa ili asipaliwe. Mwanafunzi, mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mzee wanafaa kula moja kati ya milo. Mgonjwa wa kisukari akumbuke kwamba ndizi mbivu na unga vyote huongeza sukari mwilini; aihesabu keki kama sehemu ya mlo wake, wala asiile kwa kudhani ni dawa.

Zaidi ya yote, keki hii haichukui nafasi ya mlo. Nafaka zote, ulezi ukiwamo, zina upungufu wa sehemu moja ya protini iitwayo laisini, na maharage yanayo kwa wingi. Kikombe kimoja cha maharage yaliyochemshwa kina protini gramu 15 hivi, sawa na keki tatu. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na wakiliwa na mifupa yao hutoa kalsiamu pia. Senene katika msimu wao ni chakula bora cha kujenga mwili, na haifai kuliwa na watu wazima peke yao wakati watoto wanatazama. Ndizi iliyopikwa na maharage, dagaa kidogo na mboga za majani itabaki kuwa msingi wa chakula cha Bukoba na Muleba. Kitafunwa bora huja kuongeza juu ya msingi huo.

8. Kazi ya chama

Yako mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyafanya vizuri, lakini chama kinaweza. Elimu kwa wanachama na kujali jamii ni miongoni mwa kanuni saba za ushirika zinazokubaliwa duniani. Nchini Tanzania njia ya kujifunza lishe katika vikundi ilikwisha kutumika kwa mafanikio katika kampeni za redio za Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, ambazo watu walisikiliza pamoja, wakajadili, kisha wakatenda.

Kwanza, chama kinaweza kununua ulezi kwa pamoja wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kuwagawia wanachama kwa kukata katika malipo yao ya kahawa, kwa idhini ya mkutano. Pili, wanachama wenye eneo rweya waelekezwe kupanda tena ulezi na njugu mawe. Tangu mnyauko bakteria wa migomba uingie mkoani katika miaka ya 2000, wakulima wamejionea hatari ya nyumba kutegemea zao moja la chakula. Tatu, kikundi cha akina mama kinaweza kuoka keki za kuuza shuleni na siku za kupokea kahawa chamani.

Kikundi kitakachouza kijifunze kwanza kupiga hesabu. Kwa mfano tu: vitu vyote vya kuoka keki 12 vikigharimu shilingi 4,800, keki moja imegharimu shilingi 400 kabla ya kuhesabu kuni au makaa, usafiri, vyombo vinavyochakaa na kazi ya mikono. Gharama hizo nazo zikiwa shilingi 1,200, keki imefika shilingi 500. Anayeuza kwa shilingi 450 anajiona ana faida ya 50, kumbe anapoteza 50 katika kila keki. Bei za kweli ziulizwe sokoni na kuandikwa upya kila mwezi. Kikundi kimwone pia ofisa afya kuhusu usafi, na kikitaka kufunga keki katika mifuko yenye jina, kipate maelekezo ya Shirika la Viwango na ushauri wa SIDO.

Mwisho, chama kinachopenda kujua kama somo limezaa matunda kisihesabu keki zilizouzwa. Kiwahimize wazazi wote wapeleke watoto kliniki wapimwe uzito na urefu, na kadi zao zisomwe. Kadi ya kliniki ndiyo itakayoonyesha kama fedha ya kahawa imemfikia mtoto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika nyumba za wanachama, watoto hula nini kati ya milo? Orodhesheni vitafunwa vitano, kisha mseme kila kimoja kina kazi gani mwilini.

2. Kwa nini mtoto anaweza kushiba ndizi kila siku na bado akadumaa?

3. Keki ya ulezi imeizidi keki ya unga mweupe kwa mambo gani? Ni jambo gani ambalo haikuizidi sana?

4. Ulezi, karanga na mayai vinapatikana wapi karibu na chama chenu, na kwa bei gani mwezi huu? Pigeni hesabu ya keki moja.

5. Chama kiamue jambo moja la kutenda kabla ya msimu ujao wa kahawa. Katibu aliandike katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la atakayelisimamia na tarehe ya kutoa taarifa.